Aliyeonekana Kwenye Usukani

Mimi nashona viti vya magari. Si kazi ya kujivunia mbele ya wakwe, lakini inanilisha, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kunilalamikia kwamba uzi umefumuka. Kwa hiyo siku shemeji yangu alipoingiza gari kubwa jeusi la tajiri yake kwenye karakana yangu, akaniambia ngozi imechakaa kidogo katikati, niliichukua kama kazi nyingine yoyote. Nikafungua mlango, nikapiga goti juu ya kiti cha dereva, nikatazama.

Viti vyenyewe vilikuwa vizima kabisa. Kilichochakaa ni kile kisanduku kilicho kati ya kiti cha dereva na cha abiria, ambacho watu hukiegemezea kiwiko na kuhifadhia vikorokoro. Ngozi yake ilikuwa imekwanguka mpaka sponji inachungulia. Kulikuwa na alama za visigino, nyingi, za juu na za chini, na kwenye kitambaa cha dari palikuwa na doa la mafuta ya nywele, mahali ambapo kichwa cha mtu hakina shughuli yoyote.

"Shemeji," nikamwita, "humu ndani mnacheza sarakasi?"

Hakucheka. Na huyu ni mtu anayecheka hata kwenye foleni ya hospitali. Alitazama kwanza getini, kisha akasema, "Wewe shona tu, shemeji. Ila weka ngozi ngumu zaidi."

Nikashona, lakini maneno yale yalinikaa kichwani. Mtu anayetaka ngozi ngumu zaidi ni mtu anayejua kwamba jambo hilo litaendelea.

Huyu shemeji ndiye mume wa dada yangu mkubwa, na jina lake mtaani ni Taratibu. Magazeti yamemwandika kwa mstari mmoja, na mstari wenyewe ni wa uongo, kwa hiyo nivumilieni nimweleze mimi. Alianza udereva kwa kubeba mayai. Alikuwa akitoka kwenye mabanda ya kuku alfajiri na gari lililojaa trei hadi paa, anapita barabara yenye mashimo ya kumeza mbuzi, na akifika madukani yai lililopasuka ni la kutafuta. Dada yangu alikuwa akiuza katika mojawapo ya maduka hayo. Anasema alimpenda kwa sababu alikuwa mwanamume pekee aliyemjua ambaye hakuwahi kuonekana ana haraka. Mama yetu alisema huyu atachelewa hata kwenye harusi yake mwenyewe, na kweli alichelewa, lakini alifika akiwa amenyooka kama rula.

Pombe haijapata kupita kooni mwake. Si ucha Mungu wala nini. Harufu yake tu humfanya apige chafya. Tulikuwa tukimtania kwenye sherehe: mtu anafungua chupa upande ule wa ukumbi, Taratibu anaanza upande huu, chaa, chaa, mpaka machozi yanamtoka.

Kampuni ya mayai ilipofungwa, akapata kazi kwa Kaka Mkanda. Huyo naye hana haja ya kuelezwa sana, kwa sababu sura yake iko ukutani kila mahali. Alianza kama mchekeshaji, akawa mtangazaji, halafu akawa balozi wa usalama barabarani. Ndiye yule anayenyoosha kidole kwenye mabango na kusema, "Funga mkanda, funga na chupa!" Watoto wanaiimba hiyo wakienda shule. Mama yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alikuwa na kalenda yake jikoni.

Dereva aliyemtangulia alimkabidhi Taratibu funguo bila maelezo. Alipoulizwa kwa nini anaacha kazi nzuri namna ile, alimjibu neno moja tu: "Tafuta viatu visivyo na kamba." Akaondoka. Shemeji alidhani jamaa ana matatizo ya kichwa.

Sasa turudi kwenye lile gari. Nilipomaliza kulishona, Kaka Mkanda mwenyewe aliipenda ile kazi, akataka nikapime viti vya gari lake jingine nyumbani kwake. Siku hiyo walinipitia, lakini njiani alikuwa na shughuli katika shule moja ya msingi, kwa hiyo nami nikaenda. Nilikaa nyuma. Yeye alikaa mbele na shemeji, amevaa shati jeupe, amebeba chupa ya chai ya chuma. Akafungua kifuniko, akamimina, akanywa. Shemeji akapiga chafya.

Nikamtazama shemeji kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Naye akanitazama, kisha akarudisha macho barabarani.

Pale shuleni watoto walikuwa wamepangwa uwanjani kwa mistari. Kaka Mkanda alipanda jukwaani, akawachekesha mpaka walimu wakashika mbavu, halafu ghafla akawa mzito. Akasema kuna watoto wenzao leo hawana baba, kwa sababu kuna mtu aliona glasi moja haina neno. Akavua miwani, akafuta jicho. Mimi mwenyewe, ambaye nilikuwa nimesikia ile chafya, nilijikuta nikipiga makofi. Ndicho kinachonikera mpaka leo: mtu yule anajua kusema. Akapaza sauti, "Funga mkanda!" na watoto wakaitikia, "Funga na chupa!" mara tatu, vumbi likatimka.

Tulipotoka getini na kuacha mtaa nyuma yetu, akasema, "Simamisha." Shemeji akasimamisha. "Nipe usukani. Nikiwa hivi na mtu mwingine ananiendesha, kichefuchefu kinanishika." Wakabadilishana viti, milango ikiwa imefungwa, vioo vya giza vimepandishwa. Nami nikayaona kwa macho yangu yale niliyoyasoma kwenye ngozi. Gari likaondoka. Aliendesha vizuri mwanzoni, hilo sitamnyima, isipokuwa alikuwa anacheka peke yake na kukanyaga mafuta kuliko barabara ilivyotaka. Nilitafuta mkanda wangu nikaufunga.

Kabla ya kona inayoshuka kwenda kwenye kizuizi cha polisi, alisema, "Haya, kaka." Hakuongeza neno. Hakusimamisha hata gari, alilipunguza tu. Shemeji akarusha mguu juu ya kisanduku, akajikunja, kichwa kikagusa dari, mkono mmoja tayari umeshika usukani. Yule mwenziwe akateleza chini yake kama kipande cha sabuni, akaibukia upande wa pili, akavuta mkanda, akalaza kiti, akavaa miwani. Gari halikuyumba. Trei ya mayai ingekuwa pale ingefika nzima. Na naomba mnielewe, lililonitisha zaidi ni kwamba shemeji alikuwa hodari. Kwenye uso wake niliona ile furaha ya fundi aliyemaliza kazi vizuri.

Kwenye kizuizi alikuwapo askari mmoja wa kike tunayemwita Afande Mwavuli, kwa sababu yeye na mwavuli wake hawaachani, liwe jua au mvua. Ni mama mtu mzima, mpole, na shemeji alikuwa rafiki yake tangu enzi za mayai.

"Taratibu!" akaita. "Umembeba balozi wetu leo?"

"Nimembeba, afande. Mama hajambo nyumbani?"

"Hajambo. Pita, baba. Madereva wote wangekuwa kama wewe, mimi ningekosa kazi."

Kaka Mkanda akateremsha kioo chake nusu. "Afande, kazeni hapo hapo. Watu wanaisha." Afande akampigia saluti. Sisi tukapita.

Jioni hiyohiyo nilimfuata shemeji kwake. Nilimkuta anarekebisha bomba la jikoni, kalala chali chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana, nikaona kweli viatu vyake havina kamba.

"Kwa hiyo ndiyo maana," nikasema.

"Kamba hunasa kwenye gia," akajibu kutoka kule chini.

"Na siku utakapokosa muda?"

"Sijawahi kukosa muda."

"Nimekuuliza siku utakapokosa."

Akatoka, akajipangusa mikono, akakaa sakafuni. "Shemeji, unakumbuka tulipomzika mama? Ndugu zangu wa damu walikuwa wanategeana nani abebe kule mbele, kumechafuka matope. Yule mtu alivua viatu vyake akaingia, akabeba jeneza la mama yangu begani mpaka mwisho. Mtu mkubwa kama yule."

"Alikuja na mpiga picha," nikasema. Sikuweza kujizuia. "Picha ilitoka kesho yake."

"Najua ilitoka. Lakini kamera haibebi jeneza, shemeji. Bega ndilo hubeba."

Mtu akishakuwa na deni la namna hiyo moyoni, kumshauri ni kumpigia mbuzi gitaa. Nilimweleza dada yangu nilichokiona. Kwanza alicheka, akasema baba watoto ana akili zake. Halafu akaacha kucheka. Tangu siku hiyo ikawa kila akisikia gari linapunguza mwendo nje, anaacha alichoshika na kwenda dirishani, akiona si yeye anarudi jikoni. Sufuria ngapi ziliungua katika nyumba ile, hajui mtu. Dalili ya mvua ni mawingu, na sisi tulikuwa tumekaa chini yake tunayaangalia.

Ikaja ile alasiri. Niliyasikia yote kutoka kwa shemeji mwenyewe, pale kituo cha polisi, tukiwa tumekaa kwenye benchi na askari amesimama mlangoni.

Walikuwa wanatoka kwenye uzinduzi wa mabango mapya. Kaka Mkanda ndiye aliyeshika usukani, amemaliza ile chupa na kuijaza tena. Kona ni ileile, lakini siku hiyo alikuwa anaongea na simu, akacheka sana kwa jambo aliloambiwa, na hakupunguza. Mfagia barabara mmoja, mzee wa makamo, alikuwa ameinama ukingoni akizoa mchanga. Alikuwa amevaa fulana ya kung'aa waliyogawiwa na mradi wa Kaka Mkanda, yenye sura yake mgongoni. Shemeji aliiona ile sura ikigeuka. Kisha ule mshindo.

Gari likaserereka likasimama kwenye majani.

"Halafu?" nikamuuliza.

Akaviangalia viganja vyake. "Halafu nikawa kwenye usukani."

"Alikwambia uhame?"

"Hakusema kitu, shemeji. Alikuwa ameganda. Mimi ndiye niliyehama." Akajipiga paja. "Mwili ulihama wenyewe. Nilisikia mshindo, nikarusha mguu. Nilipokuja kupata akili, mkono wangu uko kwenye usukani, mkanda nimefunga, yeye yuko upande wa pili kashika kichwa, na watu wanafungua mlango wangu. Wakaniuliza, wewe ndiye dereva? Nikasema ndiyo. Si ndiyo kazi yangu?"

Yule mzee hakufika hospitali akiwa hai. Nilijua jina lake baadaye, na nilikwenda kwake kutoa pole. Mjane wake alinipokea vizuri kwa kuwa hakujua mimi ni nani. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikanywa maji aliyonipa, nikatamani ardhi inimeze.

Shemeji walimpima pombe palepale. Mashine ilisema hana hata chembe. Basi suala la pombe likaishia hapo, maana abiria hapimwi. Kaka Mkanda alipata nafasi ya kumnong'oneza kabla hawajatenganishwa: "Kaka, nitakutoa. Nipe muda tu." Shemeji aliyashika maneno hayo kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Nilimsihi aseme ukweli siku ileile. Akaniambia, "Amesema atanitoa. Hajawahi kuniambia jambo asilitimize." Akaandikisha maelezo kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, akatia sahihi.

Siku zikapita, akahamishiwa mahabusu, na yule aliyeomba muda alikuwa anautumia.

Tulimwona kwenye televisheni nyumbani kwa mama, mimi, dada yangu na mama mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Alisema amekaa kimya kwa sababu ya maumivu. Alisema ajali haichagui, kwamba yeye anayeimba usalama usiku na mchana msiba umemfuata ndani ya gari lake mwenyewe. Halafu akavua miwani. "Yule dereva ni kama ndugu yangu," alisema. "Nimemzika mama yake kwa mabega haya. Nilimwambia mara ngapi apunguze mwendo? Mara ngapi? Lakini siwezi kumchukia. Mwendo ndio adui, si yeye. Namsamehe." Ukumbi ukapiga makofi, wengine wamesimama. Kwenye skrini nyuma yake pakatokea bango jipya kabisa: Punguza mwendo. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, lakini huyu aliliona, akalichora, akalibandika mgongoni kwa mtu mwingine.

Dada yangu hakulia. Alisimama, akaenda jikoni, akaitoa ile kalenda ya mama ukutani, akaichana vipande vidogo vidogo mpaka vidole vikamuuma. Mama alimwacha.

Mahabusu kuna televisheni kwenye bwalo la chakula. Shemeji aliiona hotuba yote akiwa na sahani mkononi, na wenzake wakamgeukia wakaanza kumzomea. Nilipokwenda kumtembelea alikuwa na sura nisiyoijua.

"Mwendo?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyesema. "Mimi, mwendo?"

"Shemeji..."

"Angesema nilisinzia. Angesema breki. Mimi ningenyamaza, Mungu ananiona, ningenyamaza nikafungwa. Lakini mwendo!" Akapiga meza, askari akamtazama. Akashusha sauti. "Nitafutie wakili. Nataka kusema."

Nilitoka pale nikiwa na furaha, mjinga mimi. Nilidhani kazi ngumu ilikuwa kumfanya aseme.

Wakili tuliyempata ni dada mmoja wa ofisi ya msaada wa sheria, mwembamba, asiyepoteza maneno. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Alishakiri. Sasa anageuza maneno baada ya kukasirika, ndivyo hakimu atakavyoona. Nahitaji mtu mmoja, asiye ndugu, aliyewahi hata siku moja kumwona yule mtu akiendesha lile gari."

Mtu mmoja tu! Nikadhani ni jambo la asubuhi moja. Mtu maarufu kiasi kile, anayeendesha kila wiki akiwa amelewa, akose kuonwa? Nilikwenda kwenye kituo cha mafuta wanachojaza. Kijana wa pampu akasema dereva wake huwa yule mpole. Nilikwenda kwa walinzi wa nyumba yake. Wakasema gari huingia na kutoka na Taratibu, isitoshe vioo ni vyeusi. Nilimtafuta yule dereva wa zamani nikampata anachoma vyuma kwenye karakana ya mageti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuvua miwani yake ya kuchomelea. "Niliacha ile kazi ili nisije nikasimama mahakamani," akasema. "Leo unataka nisimame bure?" Akawasha moto wake, cheche zikanifukuza.

Nikamwambia wakili kuhusu kile kisanduku na zile alama za visigino. Akaomba gari likaguliwe. Mkaguzi akaandika kwamba ngozi ya katikati ni mpya, imara, na haina mkwaruzo wa maana. Niliisoma ile karatasi nikamrudishia; ile ngozi ngumu niliichagua mwenyewe.

Shauri likaanza kusikilizwa. Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi yanayobana na feni moja inayozunguka kwa kusuasua. Kaka Mkanda alikuja kutoa ushahidi wake, akamsalimia hakimu kwa heshima, akamsalimia hata dada yangu. Alisema aliyosema kwenye televisheni, kwa sauti ya chini zaidi. Hakimu akakubali mimi nisikilizwe kabla ya zamu ya upande wetu, nikasimama nikaeleza nilivyowaona wakibadilishana viti. Mwendesha mashtaka aliniuliza swali moja: "Mshtakiwa amemuoa nani?" Nikajibu, dada yangu. Akasema hana swali jingine. Watu wakacheka kidogo, nikarudi kwenye benchi masikio yakiwaka moto.

Wakati wa mapumziko nilitoka kwenye ujia kupata hewa, nikamkuta Afande Mwavuli. Alikuwa amekaa, amevaa sare iliyopigwa pasi, mwavuli umelala magotini. Aliponiona akainuka, kwa kuwa alinijua ni shemeji wa Taratibu.

"Kaka, usivunjike moyo," akasema. "Wameniita upande wa mashtaka, lakini mimi sikuja kumkandamiza. Nimemjua Taratibu miaka yote hii. Leo nitamsema vizuri mpaka hakimu ashangae."

"Afande, utasema nini hasa?"

"Ukweli mtupu. Nilichokiona kwa macho yangu."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia: usiseme, au sema kabla ya kona vioo huwa vimepandishwa, sema hujui, sema chochote kile. Lakini wakili alikuwa ameshanishika mkono wa shati. "Ukiongea na shahidi wao wakakuona, ndiyo tumekwisha," akaninong'oneza. Na karani akatoka mlangoni akaliita jina la afande.

Aliapa kwa sauti ya wazi. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama anamfahamu mshtakiwa.

"Namfahamu sana. Ni dereva bora kuliko wote wanaopita kwenye kizuizi changu."

"Amepita mara nyingi na gari hilo?"

"Nyingi mno, sina hesabu."

"Na kila alipopita, nani alikuwa anaendesha?"

Afande akatabasamu, akamgeukia shemeji pale kizimbani, kama shangazi anayemtazama mtoto kwenye mahafali. "Yeye. Kila siku ni yeye. Mkanda amefunga, mikono yote miwili kwenye usukani, ananiulizia hali ya mama. Sijawahi kumkuta ameuachia usukani hata siku moja. Wengine huwapa matajiri wao waendeshe wakiwa wamelewa, tunawakamata. Taratibu, hapana. Naapa mbele ya mahakama hii, yule balozi sijawahi kumwona ameshika usukani wa gari lile. Na niseme tu, mheshimiwa hakimu, kama kweli alikimbiza gari siku hiyo, basi shetani alimpitia mara moja, maana si tabia yake. Naomba ahurumiwe."

Hakimu alikuwa anaandika. Aliandika muda mrefu. Dada yangu alinishika goti na kucha zake zikaingia. Kaka Mkanda, benchi la mbele, aliinamisha kichwa, na kutoka nyuma angeweza kudhaniwa anasali. Wakili wetu aliulizwa kama ana maswali kwa shahidi. Alisimama, akauliza kama inawezekana watu kubadilishana viti kabla ya kona. Afande akafikiri kwa haki kabisa, akasema gari likiwa linatembea haiwezekani, labda wawe wachawi. Wakili akakaa.

Shemeji alikuwa anamtazama yule mama. Hakuwa na hasira. Afande alipopita mbele ya kizimba akishuka, shemeji alimwinamia kidogo na kusema, "Asante, afande," nami nilimsikia.

Nilitoka nje nyuma ya afande. Alikuwa amesimama kwenye ujia, anajifuta jasho kwa leso, macho yamemlowa. Ndani, kupitia mlango ulioachwa wazi, nilimsikia mwendesha mashtaka akisema hana haja ya shahidi mwingine.

"Nilikuwa na wasiwasi nitasahau maneno," akaniambia. "Vipi, kaka yangu? Nimemsaidia?"

Alinisubiri nijibu. Uso wake ulikuwa mweupe wa nia njema, na hakukuwa na mtu mwingine pale ujiani wa kunisaidia kumjibu.

Nikamwambia ndiyo.